Sampuli ya sauti

Neno sampuli tumelizoea maabarani na sokoni: matone ya damu yanayopimwa kwa niaba ya mwili mzima, konzi ya mahindi inayosimama badala ya gunia. Wapiga vinanda nao wanalihitaji, na naamini hakuna neno linalowafaa zaidi.

Chukua Minimoog, kinanda cha umeme kilichotoka Marekani mwaka 1970. Ndani yake hamna sauti iliyohifadhiwa. Saketi 3 huzalisha mitetemo ya umeme, chujio huipunguzia makali, na mpigaji huzungusha nobu huku noti ikiendelea kulia, sauti ikinenepa au kukonda mkononi mwake. Saketi zikipata joto, noti huyumba kidogo, na uyumbaji huo ndio utamu wenyewe.

Kinanda cha kidijitali kinachotumia sampuli hufanya kazi nyingine kabisa. Noti za Minimoog zilirekodiwa moja moja, zikawekwa kwenye kumbukumbu. Ukibonyeza, unasikia rekodi. Waweza hata kupiga noti nne kwa pamoja, jambo ambalo Minimoog yenyewe, yenye kutoa noti moja tu kwa wakati, haiwezi. Lakini uyumbaji ulionaswa siku ya kurekodi utarudi vilevile kila mara.

Basi wauzaji wa vinanda na watangazaji, msituambie kinanda kina “Minimoog ndani”. Semeni kina sampuli za Minimoog. Mnunuzi ataelewa, na ana haki ya kujua anacholipia.