Samaki Duni: Habari za Karpi na Jina la Dharau

Katika nchi zisemazo Kiingereza, watu wavuao kwa ndoana kwa ajili ya kujifurahisha wamezoea tangu zamani kuwagawa samaki wa maji baridi katika madaraja mawili. Daraja la juu ni la trauti na salmoni, samaki wa mito iendayo kasi. Daraja la chini ni la wengine, nao huitwa kwa maneno yenye maana ya kitu cha kukwaruza, kisicholainishwa, kisicho na malezi mema. Kwa Kiswahili yatosha kusema samaki duni. Waingereza na Wamarekani hawakuchora mpaka huo mahali pamoja, lakini wote wawili walimweka chini yake samaki mmoja mwenye sifa na lawama nyingi kuliko wenzake, yaani karpi, ambaye wataalamu humwita Cyprinus carpio. Habari zake zaonyesha jinsi jina lililotungwa na wanadamu kwa sababu zao wenyewe linavyoweza kuamua maisha ya viumbe majini.

Karpi ni samaki mnene, mwenye magamba makubwa na ndevu nne mdomoni, ambazo hupapasia chakula matopeni. Asili yake ni maji ya Asia na ya mashariki ya Ulaya, mathalani yale yaingiayo katika Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi. Wakristo wa Ulaya katika zama za kati walikatazwa nyama siku nyingi za mwaka, na kwa hiyo watawa na makabaila walichimba mabwawa wakamfuga. Huko Bohemia bwawa kubwa la Rožmberk lilimalizika mwaka 1590, nalo lingali likitoa karpi hata leo. Na kwa Wacheki na Wapolandi wengi mkesha wa Krismasi haukamiliki pasipo samaki huyu mezani. Katika nchi hizo hapana aliyemwona kuwa duni.

Hata Uingereza hakuanza kwa dharau. Kitabu cha uvuvi wa ndoana kilichochapwa mwaka 1496 kilimtaja kuwa samaki mzuri aliyekuwa bado haba nchini, na Izaak Walton, katika kitabu chake cha mwaka 1653, alimpa cheo cha umalkia wa mito. Mgawanyo wa madaraja ulipata nguvu katika karne ya 19. Mito ya salmoni na trauti ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, ilhali wafanyakazi wa viwandani walivua katika mifereji na mabwawa ya karibu na miji yao. Sheria ya mwaka 1878, iliyoletwa na A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa mafundi wa chuma, iliwapa samaki wa daraja la chini miezi yao ya kupumzika wakati wa kuzaa. Sheria hiyo iliwalinda samaki hao, lakini mpaka wenyewe ulibaki. Na si ajabu kwamba jina walilopewa samaki liliwagusa pia waliowavua.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume: karpi aliingia kwa heshima, kisha akashushwa. Mwaka 1872 Julius Poppe alileta wachache kutoka Ujerumani hadi Sonoma, California. Baadaye tume ya serikali ya samaki, chini ya Spencer Baird, ikashika kazi hiyo, na mwaka 1877 Rudolph Hessel akawasili na karpi 345, wakatiwa katika mabwawa ya bustani mjini Baltimore. Samaki wa mito mingi walikuwa wamepungua, na wahamiaji kutoka Ulaya walimkumbuka karpi wa kwao. Maombi yakamiminika kwa wabunge, nao wakawagawia wapiga kura samaki kama zawadi. Katika mwaka 1883 peke yake karpi wapatao 260,000 walipelekwa kwa waombaji karibu 10,000.

Furaha hiyo haikudumu. Mafuriko yalibomoa mabwawa, karpi wakaingia mitoni na maziwani. Kwa kuwa hufukua matope, maji yalichafuka, majani yakang'oka, na bata mwitu wakakosa malisho. Tena nyama ya karpi aliyekaa katika maji ya vuguvugu yenye tope haikufanana na ile ya mabwawa yaliyotunzwa. Leon J. Cole, katika taarifa yake ya mwaka 1905, alijaribu kupima faida na hasara zake kwa haki. Kwani wakati huohuo wavuvi wa mto Illinois walikuwa wakimpeleka karpi kwa gari la moshi hadi New York, ambako Wayahudi waliotoka mashariki ya Ulaya walimnunua kwa furaha. Wavuvi wa ndoana, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao.

Madhara ya karpi yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika upana wa neno. Chini ya jina hilo moja waliwekwa samaki wenyeji ambao hawakuletwa na mtu wala hawakuharibu ziwa, kama vile yule ambaye Wamarekani humwita nyati. Kwa miaka mingi watu waliwaua na kuwatupa pwani wakiamini kwamba wanasafisha maji. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba nyati mmoja mwenye mdomo mkubwa alikuwa na umri wa miaka 112. Samaki wa namna hiyo akitupwa pwani, si rahisi kumpata wa badala yake. Mwaka 2021 wataalamu kadhaa wa Marekani waliandika wakitaka jina la samaki duni liachwe kabisa, maadamu linachanganya mgeni mharibifu na mwenyeji asiye na hatia.

Uingereza nayo iligeuka, ila kwa njia nyingine. Mnamo Septemba 1952 Richard Walker alivua katika bwawa la Redmire karpi wa ratili 44, yaani kilo 20 hivi. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba karpi mkubwa hashikiki, kwa werevu wake. Samaki huyo hakuliwa; alipelekwa katika bustani ya wanyama ya London, akaishi huko hadi mwaka 1971. Siku hizi Waingereza wengi humtafuta karpi usiku na mchana, humpima, kisha humrudisha majini kwa uangalifu. Huku katika Marekani wapo wanaomchoma kwa mishale, na mwaka 1955 ziwa Malheur la Oregon lilitiwa sumu ili aangamizwe; naye akarudi.

Yafaa kukumbuka kwamba dharau hii ni ya mtu avuaye kwa starehe. Katika ziwa Naivasha nchini Kenya, wakoloni walitia besi wa Marekani katika miaka ya 1920 kwa mchezo wa ndoana. Karpi alionekana humo mwanzoni mwa karne ya 21, na baada ya miaka kama kumi akawa sehemu kubwa ya samaki waliopatikana. Mwenye wavu haulizi daraja la samaki. Huuliza bei yake sokoni.

Mwaka 2022 jimbo la Illinois lilitunga jina jipya, Copi, kwa jamaa wa karpi waliotoka Asia, ili watu wakubali kuwala na hivyo kuwapunguza mitoni. Waliowahi kupata hasara kwa jina wakatafuta dawa katika jina. Dawa hiyo ina mpaka wake, kwani maji hayatakati kwa kubadili neno. Lakini nyati wa miaka 112 ni ushahidi wa upande wa pili: kabla ya kumhukumu samaki, yapasa kwanza neno lake lichambuliwe, ijulikane limewakusanya akina nani, na ni nani aliyelitunga.