Rangi inayomsaidia daktari kutambua polipu ya utumbo mkubwa

Polipu ni kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mkubwa. Nyingi hazina madhara, lakini aina iitwayo adenoma inaweza kugeuka kansa, kwa kawaida baada ya miaka mingi. Daktari huiona kwa kolonoskopi, yaani uchunguzi wa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Akiiona, lazima aamue: aiache, aikate papo hapo, au ampeleke mgonjwa kwa upasuaji?

Kwa kutazama tu si rahisi kujua. Kwa hiyo daktari husafisha ute kwa maji, kisha hunyunyizia rangi. Indigo kamini, ya buluu, haiingii katika seli. Hutuama ndani ya vishimo vidogo sana vya ngozi ya utumbo, kama maji ya mvua katika mifereji ya shamba. Kristali violeti, ya zambarau, hunyonywa na seli zenyewe, na vishimo hubaki bila rangi. Kamera nayo hukuza picha hadi mara 100 hivi.

Daktari Shin-ei Kudo wa Japani na wenzake walipanga maumbo ya vishimo hivyo, na mpango wao wa mwaka 1994 unatumika hata leo. Aina ya I, ya mviringo, ni ngozi ya kawaida. Aina ya II, yenye umbo la nyota, mara nyingi si ya hatari. Aina ya III, kama vijirija, na ya IV, kama matawi au mikunjo ya ubongo, huonyesha adenoma. Hiyo kwa kawaida hukatwa kwa kutumia mpira uleule. Aina ya V, iliyovurugika, huonya juu ya kansa. Vishimo vikiwa vimefutika, huenda kansa imeshuka ndani, na hapo upasuaji huhitajika.

Rangi haichukui nafasi ya maabara. Kinyama kilichokatwa kinapaswa kupimwa kwa mikroskopi.

Vifaa hivi havipo katika kila hospitali, lakini hata kolonoskopi ya kawaida huokoa maisha. Kinachotuchelewesha wengi ni aibu. Polipu nyingi haziumi. Tukiona damu katika choo, au choo kikibadilika kwa majuma kadhaa, tusiseme ni bawasiri tu kabla daktari hajatupima.