Gemu Gani Itamfaa Mchezaji Mwenye Ulemavu?

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie gemu. Sisemi zile za kwenye simu za kupotezea muda foleni ikishikamana. Nazungumzia gemu za mtandaoni, zile ambazo mamia au maelfu ya watu, kila mmoja akiwa kwao, huingia katika ulimwengu mmoja na kucheza pamoja kwa wakati mmoja.

Swali langu ni hili: mtu asiyeona, au kiziwi, au ambaye mikono yake haina nguvu, anaipataje gemu ya namna hiyo inayomfaa?

Najua kuna watakaosema swali lenyewe ni la anasa. Watu hawana ajira, umeme unakatika, wewe unatuletea habari za gemu? Ngoja kwanza. Nimelifuatilia swali hili kwa macho ya historia, na nimegundua kwamba ndani yake kuna jambo kubwa kuliko gemu zenyewe. Twende taratibu.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw alianza kuandika gemu iliyoitwa MUD. Mwenzake Richard Bartle akaiendeleza kuanzia 1980. Gemu hiyo haikuwa na picha hata moja, ni maandishi matupu. Kompyuta inakuandikia kwamba umesimama barabarani, mbele yako kuna msitu. Unaandika unataka kwenda upande gani, nayo inakuandikia umefika wapi na umemkuta nani. Unayemkuta huko ni mtu kweli, ameketi kwenye kompyuta nyingine. Hapa ndipo ilipoanzia familia nzima ya gemu za watu wengi tunazozijua leo.

Mwaka huohuo wa 1978, kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, Ted Henter, alipata ajali ya gari akapoteza uwezo wa kuona. Hakukata tamaa. Alijifunza kompyuta, na mwaka 1989 kampuni aliyoianzisha na mwenzake ikatoa JAWS, programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Gemu ni maandishi, na programu inasoma maandishi. Kumbe asiyeona anaweza kuingia msituni kama mwingine yeyote, akapigana, akafanya biashara, akapiga soga na wenzake, na hakuna anayejua kwamba haoni mpaka aseme mwenyewe. Gemu za ukoo huu zikapata wachezaji wengi wasioona. Mojawapo, Alter Aeon, iliyoanza mwaka 1995, ilikuja kujulikana sana miongoni mwao. Kiziwi naye hakuwa na tatizo, kwani mazungumzo yote yalikuwa ya kuandika. Hata mwenye mikono mizito alikuwa na nafuu, maana sehemu kubwa ya mchezo haikudai kubonyeza vitu vitano kwa sekunde moja.

Ninachotaka ukione ni kwamba waliobuni MUD hawakukaa kikao wakasema tuwafikirie walemavu. Waliandika maandishi kwa sababu kompyuta za wakati ule ndicho zilichoweza. Mlango ulikuwa wazi kwa bahati tu. Na kitu ulichokipata kwa bahati, bila mtu kuahidi wala kuamua, siku kikiondoka huna pa kudai.

Kikaondoka kweli. Ultima Online ilikuja mwaka 1997, EverQuest ikafuata 1999, na Novemba 2004 ikaingia World of Warcraft, ambayo kufikia mwaka 2010 kampuni yake ilitangaza kuwa na wateja wanaolipia zaidi ya milioni 12. Hizi zilikuwa gemu za picha. Milima, mazimwi, majumba, kila kitu kinaonekana, na unaendesha mwili wako wa kuchorwa kwa mausi na kibodi. Dunia ikashangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia, maana zilipendeza.

Lakini programu ya kusoma skrini haisomi mlima. Inasoma maandishi. Kwa mchezaji asiyeona, ulimwengu ule mpya ulikuwa kimya. Kisha wachezaji wakaanza kuzungumza kwa maikrofoni badala ya kuandika, kwa sababu vita ikipamba moto hakuna nafasi ya kuchapa. Kiziwi, ambaye miaka yote alikuwa sawa na wenzake, ghafla akawa mtu asiyejua kikundi kimeamua nini. Na mwenye mikono dhaifu akakuta gemu inadai haraka asiyokuwa nayo.

Hapa mtu anaweza kudhani kwamba teknolojia ya kuwasaidia ilikuwa bado haijagunduliwa. Si kweli. Mwaka 1989 Nintendo ilikwisha kutengeneza padi (kile kidude cha vitufe unachoshika ukicheza) ya mtu asiyeweza kutumia mikono. Inavaliwa kifuani, unasukuma kijiti kwa kidevu, na unapuliza au kufyonza mrija badala ya kubonyeza. Miaka 15 kabla ya World of Warcraft! Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Aliyeuliza hakutoka kwenye makampuni. Mwaka 2004, Mmarekani Mark Barlet, mwanajeshi wa zamani, alikuwa na rafiki yake, Stephanie Walker, ambaye alizoea kucheza naye mtandaoni. Walker akapata ugonjwa wa mfumo wa fahamu uitwao kwa kifupi MS, mkono ukaanza kumgomea. Barlet akatafuta maelezo ya jinsi mtu wa hali hiyo anavyoweza kuendelea kucheza, akakuta karibu hakuna kitu. Hivyo wakaanzisha AbleGamers, shirika la kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu. Uingereza nako, mwaka 2007, likaanzishwa shirika la SpecialEffect, ambalo humsikiliza mchezaji mmojammoja, likaangalia ni kiungo gani bado kinatii, kidole, kidevu au jicho, na kumtengenezea vifaa kulingana na kiungo hicho.

Angalia walivyoligeuza swali. Hawakuanza na gemu ipi ni rahisi kwa mlemavu. Walianza na gemu ambayo mtu anaitaka, gemu ambayo marafiki zake wamo, kisha wakauliza nini kinamzuia. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inampeleka mtu kwenye chumba cha peke yake. Ya pili inamrudisha kwa wenzake.

Kama bado unaona ni suala la anasa, nisikilize habari za Mats Steen wa Norway.

Mats alizaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka mtu hawezi kutembea, na mwishoni hata kupumua ni kazi. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi mbele ya kompyuta, akicheza World of Warcraft kwa vidole vilivyobakiwa na nguvu kidogo. Wazazi wake walimpenda na walimhudumia, lakini moyoni walisikitika wakiamini mtoto wao anaishi bila marafiki.

Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake akaingia kwenye blogu ya mwanawe, akaandika kwamba Mats hayupo tena. Barua pepe zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Watu waliandika kwa kirefu, wakisema Mats aliwashauri wakati wa shida na aliwasikiliza usiku walipokosa wa kuongea naye. Ndani ya gemu alikuwa akiitwa Ibelin, mtu mwenye nguvu anayekimbia kila mahali, na kikundi chake kiliitwa Starlight. Baadhi ya wanakikundi walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kuja kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso kwa uso. Filamu kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Benjamin Ree, ilitoka mwaka 2024.

Kwa nini gemu hii ilimfaa Mats? Haikuundwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Lakini ilimruhusu mchezaji kupanga upya vitufe, kuunganisha amri kadhaa ziwe kitufe kimoja, na kuongeza programu ndogo zilizoandikwa na wachezaji wengine. Pia ilibaki na sehemu ya kuandika ujumbe. Vitu vidogo hivyo, ambavyo mchezaji mwenye afya huvipita bila kuviangalia, ndivyo vilivyompa kijana yule marafiki. Vingekosekana, angekuwa vile wazazi wake walivyodhani alikuwa.

Je, sheria zilisaidia? Kidogo, na kwa kuchelewa. Mwaka 2009 mchezaji mwenye matatizo ya kuona aliishtaki Sony katika mahakama ya Marekani, akidai gemu za kampuni hiyo zinambagua. Mwaka uliofuata kesi ilitupwa, na rufaa yake haikufua dafu. Lakini mwaka huohuo wa 2010 Marekani ilipitisha sheria inayotaka huduma za kisasa za mawasiliano ziwafikie watu wenye ulemavu, yakiwemo mazungumzo ndani ya gemu. Makampuni ya gemu yaliomba kuongezewa muda, yakaongezewa tena na tena mpaka mwisho wa 2018. Miaka minane ya kusubiri ruhusa ya kuongea na wenzako!

Ajabu ni kwamba mara muda huo ulipokaribia kwisha, ndipo mambo yaliyosemwa hayawezekani yakaanza kuwezekana. Mwaka 2018 Fortnite ikaleta alama zinazoonyesha kwenye skrini sauti inatokea upande gani, ili kiziwi ajue kuna mtu anamnyatia. Mwaka huohuo Microsoft ikatoa padi yenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomeka swichi yoyote, ya mguu, ya kiwiko au ya kidevu. Mwaka 2019 Apex Legends ikaja na utaratibu wa kubonyeza mahali na wenzako wote wakaelewa unamaanisha nini, bila neno hata moja. Mwaka 2023 Forza Motorsport ikatoka ikiwa na sauti za kumwelekeza dereva asiyeona, kazi iliyomshirikisha Brandon Cole, mshauri ambaye mwenyewe hakuwa anaona. Cole alifariki mwaka uliofuata.

Tena ile alama ya Apex Legends ikapendwa na wote. Anayecheza usiku na hataki kuamsha nyumba nzima anaitumia. Mrusi na Mbrazili wasioelewana lugha wanaitumia. Ukimfikiria mmoja aliyeachwa nyuma, mara nyingi unajikuta umewarahisishia na wengine.

Sasa tuje nyumbani. Kwenye magazeti yetu, mtu mwenye ulemavu huonekana zaidi siku anayokabidhiwa baiskeli ya magurudumu matatu, mgeni rasmi akitabasamu mbele ya kamera. Baiskeli ni muhimu, sibishi. Lakini picha ile inatufundisha kwamba mahitaji ya mtu huyo yanaishia kwenye kula, kutibiwa na kusogea kutoka hapa hadi pale. Kwamba anaweza kutaka kucheza, kushinda, kutaniana na watu wa rika lake hadi saa nane za usiku, hilo hatulifikirii. Wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataja waziwazi katika ibara ya 30 haki ya kushiriki burudani na michezo. Haupo pale kama pambo.

Na si lazima tusubiri vifaa vya dola 100. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia wasioona, inasoma skrini na ni ya bure. Gemu za maandishi za ule ukoo wa 1978 hazili bando. Tovuti ya chesi ya Lichess ni ya bure, ina utaratibu maalumu kwa wasioona, na unaweza kucheza mchezo ambao kila mmoja anapewa siku kadhaa za kusogeza kete, kwa hiyo mkono mzito si hoja.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu au jirani mwenye ulemavu anayetaka kucheza na wenzake, usianze kwa kumchagulia. Muulize anataka kucheza na nani. Muulize nini kinamchosha, nini hakioni, nini hakisikii. Halafu angalia kama gemu inaruhusu kubadili vitufe, kama maandishi yanakuzwa, kama mazungumzo yanaweza kuandikwa. Zaidi ya yote, angalia kikundi chenyewe kama kina subira, maana gemu nzuri yenye watu wenye dharau haimfai mtu yeyote.

Kwa miaka zaidi ya 40 mzigo wa kutafuta umekuwa juu ya kichwa cha mchezaji mwenyewe. Historia inaonyesha kwamba kila mara mtu mwingine alipoushika upande mmoja wa mzigo huo, ukuta uliosemwa ni wa mawe ulikutwa ni wa makuti.

Nyie mnaonaje? Karibuni.