Pather Panchali na Tuhuma ya Kuuza Umaskini

Mwaka 1980 Nargis, nyota wa filamu ya Mother India ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa Baraza la Juu la Bunge la India, alimshutumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba anawapelekea wageni umaskini wa nchi yake ili apate sifa ughaibuni. Filamu iliyompa Ray sifa hizo ilikuwa Pather Panchali ya mwaka 1955, iliyotengenezwa kwa Kibengali na kusimulia maisha ya watoto wawili, Apu na dada yake Durga, katika kijiji cha Bengal. Tuhuma hiyo haijafa mpaka leo. Kila filamu ya shamba inapopata tuzo Ulaya, hufufuliwa. Lakini historia ya filamu yenyewe inaikataa.

Kwanza tuangalie ilivyotengenezwa. Ray, aliyekuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara, alianza kupiga picha Oktoba 1952 bila mfadhili, maana wenye mitaji hawakuitaka filamu isiyo na nyimbo wala dansi. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema. Fedha zilipokwisha, vito vya mke wa Ray viliwekwa rehani. Kazi ilisimama kwa miezi mingi, hadi Serikali ya Bengal Magharibi ilipotoa fedha, ambazo katika vitabu vya hesabu ziliandikwa kuwa ni za kutengeneza barabara, kwa kuwa jina la filamu linataja njia. Anayelenga soko la wageni angechagua bidhaa iliyo rahisi kuuzika kuliko hiyo. Ray alichagua riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay ya mwaka 1929, ambayo wasomaji wa Kibengali waliijua na kuipenda, wakati nje ya India haikujulikana.

Mpinzani atasema: mbona ilionyeshwa New York kwanza, katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, mwezi Mei 1955? Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini jumba hilo ndilo lililoiomba, baada ya mjumbe wake kuona picha chache huko Calcutta. Ilipofika majumba ya sinema ya Calcutta mwezi Agosti, siku za mwanzo watazamaji walikuwa haba. Kisha habari zikapita mdomo kwa mdomo na viti vikajaa. Tuzo ya tamasha la filamu la Cannes ilikuja mwaka 1956. Kwa hiyo Wabengali walikwisha kuikubali kabla Ulaya haijasema neno.

Hata hivyo Nargis aliona jambo moja la kweli. Tuzo ile ya Cannes iliisifu Pather Panchali kama hati bora ya kibinadamu, na hati ni kitu cha kutolea ushahidi. Waliosifu na waliolaumu walikutana katika kosa lilelile: waliona umaskini uliorekodiwa, wakaacha kuona kazi ya mikono. Mandhari ya watoto kukimbilia treni katika shamba la majani marefu yenye vichwa vyeupe ilianza kupigwa picha, na timu iliporudi kuimalizia ikakuta ng'ombe wamekwisha kuyala. Ray akasubiri msimu mwingine yachanue upya. Baba anaporudi safari na mama akamlilia Durga aliyefariki, kilio chake hatukisikii: mahali pake panapigwa ala ya nyuzi yenye sauti kali, katika muziki wa Ravi Shankar. Anayekusanya ushahidi wa dhiki angetuachia kilio.

Tena ipo mandhari ya shanga, ambayo kwangu ndiyo kiini cha filamu nzima. Jirani alimtuhumu Durga kwamba ameiba mkufu wa shanga, naye akakana. Baada ya kifo chake, familia inapofunga mizigo kuhamia mji wa Benares, Apu anaukuta mkufu huo umefichwa ndani ya nyumba. Hamwambii mama wala baba. Anatoka mbio na kuutupa bwawani. Utando wa kijani unafunguka pale ulipozama, kisha unajifunga taratibu, na heshima ya dada yake inabaki salama mikononi mwa mtoto mdogo asiyeulizwa na mtu.