Presha, Panya na Mfupa wa Taya: Zilikotoka Tiba Unazouziwa Baada ya Kupandikiza Nywele

Wiki ya nne baada ya upandikizaji, jamaa yuko bafuni, anapitisha mkono kichwani na nywele zinabaki kiganjani. Zile zile alizolipia. Zile zile alizozipiga picha akiwa uwanja wa ndege wa Istanbul, paji la uso limevimba, kitambaa cheusi kimefungwa kichwani, tabasamu mpaka masikioni. Anaiandikia kliniki mbio mbio. Jibu linarudi kabla hajamaliza kujifuta maji: tulia kaka, ni kawaida, ila kama unataka kusaidia zikue tuna kifurushi. Sindano za damu yako mwenyewe, kofia ya leza, dawa ya kupaka, na kirola chenye visindano. Bei tutakutumia inbox.

Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli kabisa. Nywele zikihamishwa kutoka kisogoni kwenda mbele, mzizi unapata mshtuko, unaiachia nywele, halafu unapumzika chini ya ngozi. Kupukutika huku huanza kwenye wiki ya pili au ya tatu. Nywele mpya huanza kuchungulia mwezi wa tatu au wa nne, na kichwa kinahitaji karibu mwaka mzima kabla hujasema imefanikiwa au imebuma. Kwa hiyo kuna miezi kama mitatu hivi ambapo mtu ametoa hela, hana nywele, na kioo hakimpi matumaini yoyote. Ukitaka kumuuzia mtu kitu, hapo ndipo pa kumkuta.

Nusu ya pili, ile ya kifurushi, ina historia ndefu na ya kuchekesha. Katika hizo tiba nne, hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili ya nywele zilizopandikizwa. Moja ilikuwa dawa ya presha. Moja ilitoka kwenye jaribio la saratani kwa panya. Moja ilikuwa ya kutengeneza taya, na moja ya kulainisha makovu.

Tuanze na upandikizaji wenyewe maana bila huo mengine hayaeleweki. Mwaka 1939 daktari mmoja wa Japani alichapisha kazi yake ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenda kwenye vichwa vilivyoungua au kupata makovu. Aliandika Kijapani, vita ikaja, na huko Magharibi hakuna aliyejua. Mwaka 1952 daktari wa ngozi wa New York akafanya kitu kama hicho kwa mwanaume mwenye kipara cha kawaida cha kurithi. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1959, na ndani yake mlikuwa na wazo ambalo biashara yote ya leo imelikalia: nywele hubaki na tabia ya pale zilikotoka. Nywele za kisogo haziisikilizi ile homoni inayokausha za mbele, hata ukizihamishia mbele.

Vizuri, lakini soma hiyo sentensi mara ya pili. Kama nywele zilizohamishwa zimeshajitosheleza, zinazohitaji msaada ni zipi? Ni zile zilizokuwepo tangu mwanzo, katikati na nyuma ya zile mpya. Hizo bado zinaisikiliza homoni, na zitaendelea kuondoka hata kama mstari wa mbele umenyooka kama wa msanii kwenye kava la albamu. Kijana wa miaka 25 akijaza mbele tu na kuiacha katikati ijitegemee, miaka kumi baadaye anaweza kubaki na kisiwa: nywele mbele, jangwa nyuma yake. Ukitaka kuzilinganisha tiba hizi, mizani ndiyo hiyo. Ipi inalinda nywele za zamani, na ipi inakuondolea tu wasiwasi wa miezi mitatu.

Sasa dawa ya kupaka, minoxidil, ambayo kisa chake kinastahili filamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Upjohn ya Kalamazoo, Michigan, ilikuwa inatafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Wakajaribu kwa mbwa, vidonda havikupona, ila mishipa ya damu ikatanuka vibaya mno. Wakageuza gari: basi iwe dawa ya presha. Wakatengeneza ndugu zake wengi, minoxidil akiwa mmojawapo, na mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha kidonge kiitwacho Loniten kwa wagonjwa wa presha kali.

Tatizo ni kwamba wagonjwa walianza kuota nywele. Mashavuni, mikononi, mgongoni, wanawake kwa wanaume. Ilikuwa kero, na wengine walitaka kuacha dawa. Halafu mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha barua fupi ya daktari: mgonjwa wake wa presha mwenye kipara ameota nywele kichwani. Hapo mambo yakawa mengine. Kabla kampuni haijamaliza utafiti wake, kuna madaktari na wafamasia waliokuwa wakisaga vidonge vya presha, wanachanganya na kimiminika na kuwapa watu wapake. Watu walijaribu dawa ya moyo utosini, na hakuna aliyewalazimisha.

Mwaka 1988 FDA ikaidhinisha ya kupaka ya asilimia 2 kwa wanaume, na wanawake wakafuata 1991. Kampuni ilitaka kuiita Regaine, jina lenye maana ya kupata tena ulichopoteza, lakini FDA ikaona hiyo ni ahadi kubwa kuliko dawa yenyewe. Marekani ikauzwa kama Rogaine, kwingine Regaine ikapita. Tofauti ya herufi moja inakueleza wakaguzi waliiona vipi dawa hii: inasaidia, lakini usiahidi. Mwaka 1996 ikaanza kuuzwa bila cheti cha daktari.

Kwa waliopandikizwa, madaktari walianza kuijaribu mapema. Utafiti mdogo wa majaribio ulichapishwa mwaka 1987, kabla hata ya idhini, ukiuliza kama inaweza kupunguza kule kupukutika. Tangu hapo imekaa kwenye orodha ya kliniki nyingi, na sababu ya msingi ni ileile: inashikilia nywele za zamani. Ila ina masharti ambayo muuzaji wa kifurushi huyapitia haraka haraka. Ukiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi michache, kwa hiyo ni ndoa, siyo uchumba. Wiki za mwanzo yenyewe inaweza kuangusha nywele kabla ya kuotesha, na mtu ambaye tayari anaokota nywele kwenye mto anaweza kuchanganyikiwa. Ngozi yenye vidonda vibichi haitakiwi kupakwa mpaka daktari aseme. Halafu haifanyi kazi kwa kila mtu: kuna kimeng'enya kwenye mzizi wa nywele kinachoiwasha dawa, na wapo wenye nacho kidogo. Na kama una paka nyumbani, weka mbali. Kwa paka ni sumu, hata kiasi kidogo tu.

Leza ilianzia Budapest. Mwaka 1967 daktari mmoja huko alitaka kujua kama leza inasababisha au inatibu saratani. Akawanyoa panya migongoni, akawamulika kwa mwanga hafifu. Saratani haikutokea, haikupona. Kilichotokea ni kwamba waliomulikwa waliota manyoya haraka kuliko wenzao. Kugundua kitu kwa kukosea ndiyo desturi ya eneo hili, utaona.

Ilichukua miaka 40 kutoka panya mpaka dukani. Mwaka 2007 kitana cha leza cha HairMax kiliruhusiwa na FDA kuuzwa kwa wanaume Marekani, cha wanawake kikafuata 2011. Hapa kuna mchezo wa maneno unaopaswa kuujua. Dawa huidhinishwa, na lazima ithibitishe kwamba inafanya kazi. Vifaa vingi vya aina hii huruhusiwa tu, kwa kuonyesha kwamba ni salama na vinafanana vya kutosha na kifaa ambacho tayari kiko sokoni. Ukiona tangazo la kofia limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba FDA imeikubali, jua ni mlango upi ilipitia. Hiyo haina maana kwamba ni utapeli. Tafiti kadhaa zilizolinganisha kifaa halisi na cha kuigiza zilikuta nywele zimeongezeka, japo nyingi zilikuwa na mkono wa watengenezaji. Uzuri wake ni kwamba haigusi ngozi, haiumi, haina dawa. Ubaya ni bei, na kwamba unatakiwa kuivaa mara kadhaa kwa wiki, miezi na miezi. Kofia nyingi zinaishia juu ya kabati pamoja na ile mashine ya mazoezi.

Sindano za damu, zile zinazoitwa PRP, ndizo kipenzi cha Instagram. Unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine, ile sehemu yenye chembe za kugandisha damu inakusanywa na kudungwa kichwani. Miaka ya 1990 waliokuwa wakiitumia sana ni wapasuaji wa kinywa na taya, na kazi iliyoipa jina kubwa ilichapishwa mwaka 1998: walichanganya plazma hiyo na mfupa waliopandikiza ili uote haraka. Nywele hazikuwemo kwenye mazungumzo.

Aliyeihamishia kwenye nywele ni mpasuaji wa Brazil, mwaka 2006, na utafiti wake ulilenga upandikizaji moja kwa moja. Alichukua wanaume 20. Kwenye kila kichwa alipanda sehemu mbili zinazolingana, vipandikizi 20 kwa kila sentimita ya mraba, ila upande mmoja vipandikizi vilikuwa vimelowekwa kwanza kwenye plazma. Baada ya mwaka akahesabu: upande uliolowekwa 18.7, upande mwingine 16.4. Ni tofauti ya kweli, siyo muujiza.

Lakini angalia alichofanya. Aliloweka vipandikizi kabla ya kuvipanda. Anachouziwa jamaa wa bafuni ni sindano za mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, baada ya kazi kuisha. Hivyo ni vitu viwili tofauti vinavyotumia jina moja. Tena hakuna mapishi ya pamoja: kliniki moja inazungusha damu hivi, nyingine vile, nguvu ya kinachotoka haifanani, na bado wote wanaita PRP. Marekani kwenyewe mashine hizo ziliruhusiwa kwa kazi ya kuchanganya na mfupa. Nywele ni matumizi ya pembeni, kwa uamuzi wa daktari.

Na hapa usalama wa chumba unazidi usalama wa tiba. Mwaka 2024 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilichapisha ripoti ya wanawake walioambukizwa VVU kupitia huduma ya urembo wa uso iliyotumia damu na sindano, kwenye spa isiyo na leseni jimboni New Mexico. Ilikuwa ni uso, siyo kichwa, lakini vifaa ni vilevile. Mtu anayekudunga kwenye apartimenti ya kupanga, bila kukuonyesha akifungua sindano mpya, hata akupe ofa ya nusu bei, ondoka.

Kirola nacho kina ukoo wa ajabu. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Montreal waliandika jinsi walivyotumia mashine ya tatuu isiyo na wino kulainisha makovu. Muda huohuo mpasuaji wa Cape Town alikuwa anaunda kile kigurudumu chenye visindano ambacho leo kinauzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi kuku. Kwenye nywele kiliingia kwa kishindo mwaka 2013, kwa utafiti wa India wa wanaume 100. Nusu walipaka minoxidil peke yake, nusu walipaka na kuongeza kirola cha milimita 1.5 mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 12 waliopaka tu waliongeza wastani wa nywele 22.2 kwenye eneo lililohesabiwa. Waliochanganya, 91.4. Namba tamu sana, na ndiyo maana kila video ya kirola inaitaja. Ila hao hawakuwa wamepandikizwa. Kuburuza sindano juu ya vipandikizi ambavyo havijashika ni kuving'oa ulivyolipia, na madaktari wa upandikizaji husisitiza kusubiri miezi, siyo wiki.

Kuna kundi ambalo historia hii imelipita pembeni. Nywele za kipilipili hazijikunji juu tu. Mzizi wenyewe umepinda chini ya ngozi, na mpasuaji asiyezizoea anaweza kuukata wakati wa kuutoa. Makovu ya kuvimba nayo huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi. Halafu wadada wengi wanaopoteza nywele za pembeni hawana kipara cha homoni. Wana tatizo la kuvutwa: misuko ya kubana, wigi za gundi, rasta nzito. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu tangu mwaka 1907, na hukudhani wapi: Greenland, kwa wanawake waliofunga nywele juu kwa kukaza. Kwa mtu huyo, kupandikiza pembeni halafu kurudi saluni kusukwa vilevile kunazitesa nywele mpya kama za zamani. Hakuna kofia ya leza itakayoshindana na mkono wa msusi.

Jamaa wa bafuni alichagua kifurushi kizima. Minoxidil aliacha baada ya wiki sita kwa sababu ilimwasha, akabaki na kofia ya leza na sindano mbili za damu. Mwezi wa tano nywele zikaanza kuota mbele, nyembamba kwanza, kisha nene. Alipost picha akaishukuru kofia. Mwezi wa tano ndio wakati ambao zingeota hata kama angekaa bila kufanya chochote. Za katikati, ambazo hakuna aliyempigia picha, zimeendelea kupungua.