Wamejuaje Kuna Chuma Kule? Habari ya Setilaiti ya Ngomeni, Ramadhan 1394



Ndugu msomaji, kuna swali aliuliza kijana mmoja hapa Laare baada ya tarawehe, tukiwa bado nje tunavaa viatu. Alikuwa amesoma mahali ati wanasayansi wamepata chuma ndani ya gesi iliyoko kati ya galaksi, mbali kiasi cha miaka milioni 240 ya nuru. Akasema, "Nani alifika huko akarudi na habari? Si hizo ni porojo tu?" Mwenzake akarukia papo hapo: "Chuma? Basi hiyo iko kwenye Suratul Hadid, mambo yamekwisha!" Wote wawili niliwaambia wangoje kwanza. Jibu lao lina historia ndefu, na kipande kimoja muhimu cha historia hiyo kilitokea hapa hapa Kenya, tena ndani ya Ramadhan.

Hebu tuanze jikoni. Mama akipika futari, maji ya chumvi yakimwagikia moto wa gesi, ule moto wa buluu hugeuka manjano ghafla. Ndani ya chumvi kuna sodiamu, na sodiamu ikipata moto mkali hutoa manjano hiyo hiyo kila mara, iwe chumvi ya dukani kwako au ya nchi nyingine. Sasa chukua CD ya zamani, iinamishe usiku chini ya taa ile ndefu ya tyubu au balbu ya enaji seva ya zamani. (Usijaribu na jua, utaharibu macho.) Rangi utakazoziona hazikuungana kama za upinde wa mvua. Zimekatika, kila moja mahali pake, kwa sababu ndani ya taa kuna mvuke wa zebaki, na zebaki ina rangi zake na unga uliopakwa kwenye kioo una zake. Mnunuzi mzoefu wa miraa hapa Laare akishika kijiti tu anajua kama hii ni giza au kangeta, hahitaji kupelekwa shambani. (Msiniulize mimi nimejuaje.) Na nuru ni hivyo hivyo. Ukiitawanya vizuri, inakuambia imetoka kwenye kitu gani.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba haya yote yalianza na Waislamu. Tuseme ukweli kama ulivyo. Abdurrahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, aliandika habari ya kijiwingu kidogo ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Ibn al-Haytham alifundisha vile nuru inavyosafiri na kuingia jichoni, na Kamaluddin al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319, alijaza maji kwenye tufe la kioo ili aelewe upinde wa mvua. Hao ni wazee wetu na fahari ni haki yetu. Lakini kusoma mistari ya rangi ili kujua kitu kimeumbwa kwa nini, hilo lilifanyika Ujerumani. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer aliiona mistari myeusi mamia ndani ya nuru ya jua, na mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen, pale Heidelberg, wakaonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine.

Kuanzia hapo darubini ikafungwa kifaa kiitwacho spektroskopu. Tarehe 29 Agosti 1864, Mwingereza William Huggins alikielekeza kwenye nebula moja, yaani wingu la angani, na badala ya upinde wa rangi akaona mistari michache tu, mkali zaidi ukiwa wa kijani. Maana yake wingu lile halikuwa nyota nyingi zilizosongamana. Lilikuwa gesi. Hiyo ilikuwa habari kubwa, manake watu walikuwa wamebishana miaka mingi.

Lakini ule mstari wa kijani ulikuwa wa nini? Haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Basi ikasemwa kuna elementi mpya huko juu, ikapewa na jina kabisa: nebuliamu. Na si kwamba walikuwa wajinga. Mwaka 1868 mstari usiojulikana ulionekana kwenye jua, ukaitwa heliamu, na mwaka 1895 heliamu ikapatikana kweli hapa ardhini. Kwa nini nebuliamu nayo isipatikane siku moja?

Ilingojewa miaka 63. Haikupatikana, kwa sababu haikuwepo. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen alipiga hesabu akaona ule mstari ni wa oksijeni, hii hii tunayovuta, ila imepokonywa elektroni mbili na mionzi ya nyota zilizo karibu. Gesi iliyopokonywa elektroni hivyo ndiyo huitwa gesi ya ioni. Atomu ya namna hiyo hukaa na nguvu yake kwa sekunde nyingi kabla ya kuitoa kama nuru ya kijani. Katika hewa yetu hapati nafasi hiyo, hugongwa na wenzake mara mabilioni kwa sekunde. Kule kwenye nebula gesi ni nyepesi mno, kwa hiyo huachwa itulie. Wataalamu huiita mistari hii "iliyokatazwa". Usicheke, si haramu! Ni neno lao tu la kusema kwamba ni vigumu sana kutokea.

Sasa fikiria, ndugu yangu. Kama mwaka 1900 mhubiri angesimama aseme nebuliamu imetajwa katika aya fulani, watu wakapiga takbiri, mwaka 1927 angewaambia nini? Aya haikukosea. Aliyeharakisha ndiye aliyekosea, lakini aibu ingeenda kwa dini.

Nikirudi kwenye galaksi, mwaka 1908 Edward Fath aliiona mistari kama ya nebula ikitoka katikati ya galaksi iitwayo NGC 1068, na mwaka 1943 Carl Seyfert akaandika juu ya galaksi chache za namna hiyo. Katika baadhi yao mistari ilikuwa imetanuka sana, ishara kwamba gesi inakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Leo tunajua katikati mwa galaksi hizo kuna shimo jeusi zito mno linalovuta gesi, na gesi huwaka kabla ya kumezwa. Mojawapo ya galaksi za Seyfert ni NGC 1275, iliyo katikati ya kundi la galaksi liitwalo Perseus. Jina hilo liweke akilini.

Gesi ya moto kupita kiasi haitoi nuru ya macho kwa wingi, hutoa eksirei, kama ile ya hospitali. Na eksirei za angani huzuiwa na hewa ya dunia. Allah ametukinga, lakini mwenye kutaka kuzipima lazima apande juu ya hewa.

Hapo ndipo inapoingia Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, jirani na Gongoni panapovunwa chumvi. Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kutoka San Marco wakarusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988. Walipapenda kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuisaidia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na wiki mbili hivi baada ya Idd, Wamarekani walirusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kupima eksirei za angani. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo wa NASA, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi mpaka 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru iliona kwamba makundi ya galaksi, Perseus likiwemo, yamejaa mng'ao wa eksirei. Ubishi ukaanza tena. Wengine walisema ni gesi ya moto. Wengine wakasema hakuna gesi yoyote, ni elektroni zinazokimbia ovyo na kuisukuma nuru. Uhuru haikuwa na uwezo wa kuamua.

Iliyoamua ni Ariel 5 ya Waingereza. Ilirushwa kutoka Ngomeni tarehe 15 Oktoba 1974. Angalia kalenda ya Hijria: ni siku za mwisho kabisa za Ramadhan ya 1394. Mababu zetu wa pwani walikuwa katika kumi la mwisho, wakiitafuta Lailatul Qadr, na roketi ikarushwa karibu nao. Mwaka 1976 watafiti wa chombo kimoja cha setilaiti hiyo walitangaza kwamba eksirei za Perseus zina mstari, na mstari huo ni wa chuma. Chuma kina elektroni 26. Hiki kilikuwa kimepokonywa karibu zote, kikabaki na moja au mbili tu. Haiwezekani bila joto la mamilioni ya digrii. Elektroni zinazokimbia peke yake hazina mstari wa chuma, kwa hiyo ubishi uliisha: ni gesi.

Kuna zaidi. Chuma hutengenezwa ndani ya nyota na milipuko yake. Kwa hiyo gesi hiyo, ambayo uzito wake unashinda nyota zote za kundi lile, ina vumbi la nyota zilizokwisha kufa. Mwaka 2016 setilaiti ya Wajapani, Hitomi, iliupima mstari ule ule wa Perseus kwa makini mno kabla haijaharibika baada ya wiki chache, na XRISM iliyorushwa Septemba 2023 inaendeleza kazi hiyo.

Basi wewe uliyesema ni porojo, umeona hakuna aliyedai kufika. Ni ushahidi wa nuru, uliopimwa na kurudiwa na watu wasiopendana. Na wewe wa Suratul Hadid, chuma kile kimethibitika, sikatai. Ila maana ya aya mpelekee mwalimu wa tafsiri, na mstari mpelekee mwalimu wa fizikia, na usimlazimishe mmoja amsemee mwenzake. Tena dada zetu mnaoacha fizikia, hesabu hizi zimeandikwa na wanawake pia.

Ramadhan ikiangukia Februari kama miaka hii, ukitoka tarawehe tazama kaskazini magharibi, utaiona nyota ambayo Waarabu waliiita Ra's al-Ghul. Perseus liko upande huo huo, mbali sana nyuma yake. Na siku ukijaliwa kufika Ngomeni, waulize wavuvi wakuonyeshe. Miguu ya majukwaa yale bado imesimama majini, chuma kinachokula kutu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.