Rekodi za Matibabu katika Madai ya Fidia ya Maveterani wa Marekani

Askari wa zamani wa Marekani aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wake ana haki ya kulipwa fidia kila mwezi na Wizara ya Masuala ya Maveterani. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi. Haki hiyo haipotei mtu akihamia nje ya nchi. Lakini maumivu peke yake hayamlipi mtu: yanayosomwa na mwamuzi wa dai ni makaratasi, na mwenye kuyajua makaratasi hayo yalipo huwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kwa kawaida mambo matatu huthibitishwa: kwamba ulemavu upo sasa, kwamba jeshini kulitokea jeraha, ugonjwa au tukio fulani, na kwamba hilo la leo limetokana na lile la zamani. La tatu ndilo gumu. Huhitaji maoni ya daktari aliyesoma faili na kueleza sababu zake, akisema kwamba uwezekano wa uhusiano huo haupungui nusu kwa nusu. Daktari akiandika tu kuwa “huenda vinahusiana”, barua yake haina uzito. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaagiza mashaka yaliyobaki yamnufaishe veterani.

Chukua mfano wa masikio. Askari hupimwa usikivu anapoandikishwa na, mara nyingi, anapoondoka. Wizara hutambua kuwa usikivu umepungua kiasi cha ulemavu iwapo kipimo cha leo kinafika desibeli 40 katika mojawapo ya masafa ya hezi 500, 1000, 2000, 3000 au 4000, au desibeli 26 katika matatu kati ya hayo. Vipimo vya kuingia na kutoka vikiwekwa sambamba, badiliko lililotokea jeshini huonekana kwa macho. Ndiyo maana karatasi ya uchunguzi wa siku ya kwanza, ambayo wengi huidharau, ina thamani kubwa. Kasoro isiyoandikwa siku ile huhesabiwa kuwa haikuwapo, na wizara ikibisha, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Majalada ya zamani hutunzwa na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis, Missouri. Hapa pana jambo linalowaponyoka wengi: aliyelazwa hospitali ya jeshi huenda asikute habari za kulazwa kwake ndani ya faili lake la afya. Rekodi za wodini zilihifadhiwa kando, kwa jina la hospitali na mwaka, si kwa jina la mgonjwa. Anayeomba “rekodi zangu zote” anaweza kupewa karatasi za zahanati ya kikosi tu, akadhani za upasuaji zimepotea. Ataje hospitali, mwaka, na mwezi ikiwezekana.

Nyingine zilipotea kweli. Moto wa Julai 12, 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 kituoni hapo, na hayakuwa na nakala. Ulichukua takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Dai la mtu wa namna hiyo halifi. Taarifa za kila siku za kikosi, barua alizoandikia nyumbani na maelezo ya askari mwenzake aliyekuwapo vyote hupokewa kama ushahidi.

Kuna magonjwa ambayo sheria huyahesabu moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 iliongeza mengi, yakiwamo ya wale waliokuwa karibu na mashimo ya kuchomea taka. Somalia, Djibouti na Oman zimo katika maeneo yake. Hapo ushahidi wa kwamba mtu alikuwapo eneo husika huchukua nafasi ya maoni ya daktari kuhusu uhusiano.

Sheria ya mwaka 2000 inaitaka wizara imsaidie mdai. Rekodi za serikali ya shirikisho huzitafuta mpaka ibainike kuwa hazipo. Kwa hospitali binafsi, akisharuhusu kwa sahihi yake katika fomu 21-4142, huomba na kukumbusha angalau mara moja, basi. Kwa hiyo ni salama zaidi azifuate mwenyewe. Aliyerudi kuishi Nakuru au Arusha, ambako wagonjwa wengi hutembea na daftari lao la matibabu, anakili kila ukurasa na kuomba hospitali muhtasari wenye tarehe, majibu ya vipimo, jina la daktari na muhuri.

Kukusanya huku kunakula miezi. Anayetoa kwanza taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966, hupata mwaka mmoja wa kukamilisha dai bila kupoteza tarehe ambayo malipo yatahesabiwa kuanzia. Dai likikataliwa, karatasi mpya yenye kuhusu hoja iliyoliangusha hulifungua upya, na ikiwasilishwa ndani ya mwaka mmoja wa uamuzi, tarehe ya awali inaweza kubaki ileile.